Maswali Matatu Kabla ya Safari ya Guangzhou





Majuma mawili yaliyopita, siku ya Jumatatu, binti mmoja wa parokia yetu alinijia ofisini akiwa na pasipoti mpya, ambayo ilikuwa ingali na harufu ya gundi. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka, akaniambia: "Baba Paroko, naomba uniombee na uibariki. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou kufunga mzigo." Nilimpongeza na kumkaribisha aketi. Kisha, badala ya kuinua mkono wa baraka, nilimwuliza maswali matatu. Tiketi yako imelipwa na nani? Ukifika utalala wapi, na ni nani hapa nyumbani anayepajua? Je, ndani ya begi lako kuna kitu cha mtu mwingine?

Binti alinitazama kwa mshangao. Bila shaka alijiuliza moyoni kama padri amegeuka kuwa afisa uhamiaji. Zamani sikuwa na desturi hiyo. Aliyenijia na pasipoti nilimwekea mikono, nikamnyunyizia maji ya baraka, nikamkumbusha asiache Misa ya Dominika, nikamwambia aende kwa amani. Leo naomba niwasimulie ni wapi nilijifunza kuuliza, maana wengi wenu mnakwenda Guangzhou, na wengine mnawasindikiza watoto wenu huko.

Ilikuwa Oktoba 2018. Kamati ya ujenzi wa kanisa ilinituma pamoja na wafanyabiashara wawili wa parokia tukatafute vigae na taa. Vigae hutengenezwa kwa wingi katika mji wa Foshan, unaopakana na Guangzhou, na wenzangu walikuwa wazoefu wa njia hiyo. Tulipitia Addis Ababa, tukafika tukiwa tumechoka, saa zetu zikiwa nyuma kwa saa tano. Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, kando ya Mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 18. Mnara wake, uliofunguliwa mwaka 2010, unapanda mita 600 angani, na usiku unawaka kwa rangi zinazobadilika. Mtu aliyezoea mnara wa kanisa lake huutazama mpaka shingo ikamwuma.

Jioni ya kwanza nilipotea. Nilitoka hotelini kununua maji ya kunywa, nikakata kona mbili, nikageuka, na njia niliyoijia sikuiona tena. Majengo yalifanana. Vibao viliandikwa kwa herufi nisizoweza hata kuzitamka. Nilijaribu ramani ya Google kwenye simu, nayo haikufunguka, kwa sababu Google, WhatsApp na Facebook zimezuiwa katika mtandao wa nchi ile. Mimi ninayewaelekeza watu njia ya mbinguni sikuijua njia ya kurudi kitandani! Nilizunguka karibu saa nzima, mpaka nilipokumbuka kadi ya kufungulia mlango wa chumba iliyokuwa mfukoni mwangu. Juu yake palikuwa na jina la hoteli kwa Kichina. Nilimwonyesha mama mmoja muuza matunda. Hakusema neno. Aliyaacha machungwa yake, akanishika mkono wa shati, akaniongoza mpaka mlangoni. Hoteli ilikuwa nyuma tu ya jengo tulilokuwa tumesimama mbele yake.

Wenzangu walipopata habari walicheka sana, kisha mmoja akasema kwa majuto: "Tusamehe, Padri. Jambo la kadi ya hoteli tungekwambia, ila tulidhani unajua." Tulidhani unajua. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Dominika ilipofika tulikwenda Misa katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu wa Yesu. Wenyeji huliita Shishi, yaani nyumba ya mawe, kwa kuwa kuta zake na minara yake miwili vimejengwa kwa mawe matupu ya matale. Ujenzi ulianza mwaka 1863 ukamalizika mwaka 1888, miaka 25 kamili. Katika msingi wa upande mmoja yamechongwa maneno "Jerusalem 1863", na upande wa pili "Roma 1863". Inaelezwa kwamba udongo kutoka miji hiyo miwili mitakatifu uliletwa ukawekwa hapo. Kanisa hilo limeona mengi. Askofu wa mji huo, Mjesuiti Dominic Tang, alifungwa gerezani kwa miaka 22, tangu 1958 hadi 1980, kwa kukataa kujitenga na Baba Mtakatifu. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni kanisa lilifungwa, na vioo vyake vya rangi vikavunjwa. Vioo tunavyoviona leo ni vipya.

Mimi sikuadhimisha Misa. Sheria ya nchi ile hairuhusu padri mgeni kuongoza ibada bila mwaliko, nami sikuwa nao. Niliketi benchini kama mwamini yeyote, katika Misa ya Kiingereza ya Jumapili alasiri, kati ya Wanigeria, Wafilipino, Wakongo na ndugu zetu wa Afrika Mashariki. Nilisikia vizuri kuliko ninavyosikia nikiwa altareni. Nyuma yangu mtu alijibu kwa Kiswahili chinichini, "Na iwe rohoni mwako," nami nikajua kwamba sipo ugenini peke yangu.

Baada ya Misa Waafrika hawatawanyiki upesi. Husimama uani pale penye miti, hubadilishana namba za simu na habari za nyumbani. Nje ya lango ndiyo barabara ya Yide, penye maduka ya jumla ya vifaa vya kuchezea watoto, mapambo ya sherehe na samaki wakavu, hata harufu ya dagaa wa bahari ya China hukufuata mpaka mlangoni pa kanisa. Tuliondoka hapo watu tisa kwa treni ya chini ya ardhi. Tiketi yake ilikuwa kipande cha plastiki cha mviringo, mfano wa sarafu; unaigusisha ukiingia, unaitumbukiza ukitoka. Tulikwenda Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wameufanya kama nyumba ya pili, tukaketi katika mkahawa wa Waislamu wa Kichina wanaovuta tambi za ngano kwa mikono na kuzipika kwa nyama ya ng'ombe.

Mezani walikuwapo wanne waliokuja kwa mara ya kwanza, nikiwamo mimi. Wazoefu wakaanza kutufunda. Ndugu, nimehudhuria semina nyingi, lakini chache zilizonipa faida kama mafundo ya meza ile.

Mzee mmoja wa Mombasa, mwuza vipuri vya magari, alianza na pasipoti. "Usiiache hotelini. Polisi wakikusimamisha hapa Xiaobei wanataka kuiona yenyewe, si nakala." Akaongeza kwamba anayelala hotelini huandikishwa polisi na hoteli yenyewe, lakini anayefikia kwa rafiki lazima ajiandikishe kituoni ndani ya saa 24. Wengi hulipuuza jambo hilo, na siku ya kutafutwa ndipo wanapokuja kuelewa kwamba ukarimu wa rafiki haukuwakinga. "Na ukiona viza inakwisha, mwanangu, funga mizigo hata kama biashara haijakwisha. Kila siku ya kuzidisha ni faini ya yuani 500, mpaka zifike 10,000, au wanakuweka ndani."

Kijana wa Kampala akazungumzia Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na kufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na majira ya Oktoba, kwa awamu tatu, kila awamu ikiwa na bidhaa zake. "Jua awamu yako kabla hujakata tiketi," alisema, "usije ukatafuta nguo katika juma la mashine. Na kipindi hicho hoteli zinapanda bei, kwa hiyo weka nafasi mapema." Alitushauri pia kupendelea Oktoba, kwa kuwa Aprili na Mei mvua haziishi na jasho halikauki.

Kisha akasema mama mmoja wa Kariakoo. Alikuwa amekwisha kusafiri miaka kumi na tatu. Alikuja mara ya kwanza akiwa fundi cherehani wa kununua vitambaa vya duka lake, na sasa wauzaji wa soko kubwa la vitambaa la Zhongda walimwita dada. Ndiye aliyetufundisha lugha ya kikokotoo. Muuzaji huandika bei, wewe unaifuta, unaandika yako, yeye anacheka, anaifuta, anaandika nyingine. Mnaweza kumaliza biashara nzima pasipo neno. "Lakini usiseme ndiyo ukiwa na njaa," alituonya. "Kula kwanza." Asubuhi, alisema, kuna uji wa mchele, laini, wa moto, usiokulaghai tumbo. Maji wanayokunywa wenyeji ni ya moto, nasi tufanye vivyo hivyo.

Juu ya mzigo wenyewe alizungumza kama mwalimu. Chukua sampuli, iwekee alama yako, kaa nayo hotelini. Lipa advansi ya sehemu tu, mara nyingi asilimia 30, na usimalizie mpaka umefika ghalani, umefungua maboksi ya katikati na ya chini, maana la juu hupangwa likuvutie. Linganisha na sampuli yako. Risiti iwe na muhuri mwekundu na anwani ya duka kwa Kichina. Na mzigo mdogo usikodiwe kontena zima. Utafute wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi, nao hupimwa kwa mita za ujazo.

Tuliuliza, wakajibu. Wakataniana, wakasahihishana. Lakini nilitambua kwamba mmoja alipoulizwa kiwanda anachonunulia, alitabasamu akabadili mazungumzo. Mama wa Kariakoo akaniambia kwa kucheka: "Padri, hayo ni machimbo. Mfanyabiashara hamwonyeshi mwenzake machimbo yake." Nilicheka pia. Ni haki yake.

Ndipo msichana mmoja, mgeni kama mimi, aliuliza swali dogo. Alisema kuna kaka mmoja huko nyumbani, mtu mwema, aliyemlipia nusu ya nauli, na safari ijayo ataomba amletee rafiki yake begi moja hapa Guangzhou. Je, ushuru wake ukoje?

Meza ilinyamaza. Mzee wa Mombasa alitazama bakuli lake. Kijana wa Kampala akajifanya anasoma simu. Nilishangaa: watu waliokuwa wakigombea neno, sasa hakuna anayelitaka. Hapo nilielewa kwamba msafiri ana vitu viwili anavyovificha, machimbo yake na aibu yake.

Mama wa Kariakoo aliweka vijiti vyake chini. Akasema polepole, akimtazama msichana peke yake:

"Mwanangu, nami nililibeba begi hilo. Safari yangu ya pili nilikuwa na deni la kikoba. Mtu ninayemfahamu, tunasalimiana kila siku sokoni, akanipa pesa na begi la nguo, nimpelekee ndugu yake. Nilizipokea. Nikiwa kwenye teksi, njiani kwenda uwanja wa ndege, nikalifungua niongezee khanga zangu mbili. Mkono wangu ukagusa bitana. Mimi ni fundi. Begi lilikuwa la zamani, lakini mshono wa bitana ulikuwa mpya, uzi wa rangi nyingine kidogo, umeshonwa kwa mkono na mtu mwenye haraka. Nilimwambia dereva ageuze. Nikamrudishia mwenyewe begi lake na pesa zake, nikamwambia naumwa."

Akanyamaza kidogo. "Sikumwambia mtu yeyote. Ningesema, wangeniuliza, pesa ulizipokea za nini? Niliona haya. Baada ya majuma mawili begi lile lilibebwa na msichana wa mtaa wa pili, wa rika lako. Alikamatwa hapahapa. Alikuwa akipita mbele ya duka langu kila siku, na mimi nilinyamaza."

Hakuna aliyemhukumu. Msichana alilia, naye mama akamsogezea karatasi za kujifutia, akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa kumweleza atakavyomrudishia yule kaka nauli yake, kidogo kidogo, na mbele ya shahidi.

Wapendwa, sheria ya China iko wazi. Anayeingiza gramu 50 au zaidi za heroini anakabiliwa na kifungo cha miaka 15, au cha maisha, au kifo. Gramu 50 ni uzito usiofikia hata yai la kuku. Neno "sikujua" si rahisi kulithibitisha pale bitana inapochanwa mezani pa polisi.

Nami meza ile ilinihukumu. Miaka michache kabla ya hapo, katika parokia niliyotumikia zamani, kijana mmoja aliyeimba sauti ya tatu katika kwaya alinijia na pasipoti. Alikuwa hana kazi. Siku ile alivaa viatu vipya. Sikumwuliza nani amemlipia safari ya kwenda China, wala anakwenda kufanya nini. Niliona viatu, nikafurahi kwamba mambo yake yamenyooka. Nilimbariki, nikamshauri asiache rozari. Hakurudi. Baada ya miezi mingi ilikuja habari kwamba amehukumiwa kifungo kirefu. Mama yake alinijia, hakunilaumu kwa lolote, ila aliniuliza kwa unyonge: "Padri, alipokuja kwako kuaga, ulimwuliza nini?" Nilikosa jibu. Nilidhani anajua. Au niseme ukweli wangu: niliogopa kuuliza, nisije nikaonekana ninamshuku mtoto wa watu.

Tunapenda kuwaombea wasafiri ulinzi wa malaika mkuu Rafaeli, na ni vema. Lakini someni tena Kitabu cha Tobiti, sura ya tano. Mzee Tobiti, kipofu, anamtuma mwanawe Tobia nchi ya mbali, Media, akachukue fedha. Safari ile ni ya pesa, kama hizi zetu! Anampa hati ya deni mkononi. Anamwagiza atafute mwenzi mwaminifu anayeijua njia. Tobia anapomleta Rafaeli, aliye katika umbo la mwanadamu, Tobiti hafurahii tu kwamba mwanawe amepata mtu. Anamwuliza: wewe ni wa kabila gani, na wa ukoo gani? Wanapatana ujira wa kila siku. Hayo yakiisha ndipo anapowabariki. Aliuliza kwanza, akabariki baadaye, na aliyehojiwa alikuwa malaika! Malaika hakuchukia kuulizwa. Anayechukia kuulizwa habari za begi lake ana sababu yake.

Mkumbukeni pia Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyewahi kutia nanga Malindi, katika pwani yetu, mwaka 1542, akielekea India. Miaka kumi baadaye aliamua kuingia China kwa kupitia Guangzhou hiyohiyo. Wageni walikuwa hawaruhusiwi, naye alipatana na mfanyabiashara mmoja amvushe kwa siri kwa malipo ya pilipili manga. Alikaa katika kisiwa cha Shangchuan, akiitazama bahari na kungoja jahazi. Siku ya ahadi ilifika, jahazi halikuja. Alishikwa na homa, akafariki tarehe 3 Desemba 1552, kando yake akiwa Mchina mmoja Mkristo, Antonio. Hata mtakatifu anaweza kuachwa ufukweni na mtu aliyemwahidi njia. Utakatifu wa msafiri haumbadilishi kiongozi wa njia kuwa mwaminifu.

Nimesoma pia juu ya Padri John Wotherspoon, mmisionari Mwoblati kutoka Australia aliyewahudumia wafungwa Hong Kong. Aliona Waafrika wakiongezeka gerezani kwa kubeba dawa za kulevya, wakiwamo Watanzania. Mwaka 2013 aliwaomba waandike barua kwa ndugu zao na vijana wa nyumbani, waeleze walivyonaswa, akazitangaza. Fikirieni ujasiri wa barua hizo. Mfungwa hakuwa na machimbo ya kumwonyesha mtu, alikuwa na aibu yake tu, naye akaitoa iwe mali ya wengine. Mama wa Kariakoo alifanya vivyo hivyo mbele ya bakuli la tambi. Mafundo yale mengine yaliokoa fedha zetu. Fundo lake liliokoa mtu.

Tangu mwaka 2018 mambo mengi yamebadilika. Ugonjwa wa korona ulifunga njia kwa muda mrefu. Aprili 2020 Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba walizopanga, wakakataliwa hotelini, wakalala nje, mpaka serikali za Afrika zikalalamika. Nayo ni aibu ya kusimuliwa, ili anayekwenda ajue kwamba mji uliokuwa na mama muuza matunda ulikuwa pia na milango iliyofungwa. Biashara imerudi, ingawa Xiaobei haina tena msongamano ule wa zamani. Siku zile wageni tulitembea na noti huku wenyeji wakilipa kwa simu. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya benki ya kwao na Alipay au WeChat, kisha akalipa kama wao. Anayetaka WhatsApp afanye mpango wa laini yake ya nyumbani itumike ugenini kabla hajapanda ndege, mama yake asije akakesha akidhani amepatwa na baya. Haya nayaandika ili nisiseme tena nilidhani mnajua.

Narudi kwa binti wa Jumatatu ile. Swali la kwanza alilijibu bila kusita: tiketi ni ya akiba yake ya miaka miwili, na hati ya kikoba anayo. La pili alilijibu nusu. Anajua mtaa, hajui jina la hoteli. La tatu alikaa kimya, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kuna jirani ameniomba nimpelekee mdogo wake mfuko, Baba. Amesema ni dagaa."

Sikumwambia akatae, wala sikumwambia akubali. Nilimpigia simu mama wa Kariakoo, ambaye sasa nywele zake ni nyeupe na bado anasafiri. Alikuja Alhamisi. Binti alikuwa amemwalika na jirani mwenyewe, akaja na mfuko wake, uso ukiwa umekunjamana kidogo kwa kuona kwamba anashukiwa. Mama alimpa pole kwanza. Akamwambia: "Dada, usikasirike. Mimi niliwahi kunyamaza, na mtoto wa watu akapotea." Akasimulia yote tena, kwa jirani asiyemfahamu, katika ofisi ya parokia. Jirani alipomaliza kusikiliza, alifungua mfuko mwenyewe, akaumwaga juu ya magazeti tuliyoyatandaza mezani.

Walikuwa dagaa. Dagaa wa Kigoma, wakavu, wengi. Mama alipitisha vidole kati yao mpaka chini, akapapasa mishono ya mfuko pande zote, akaukunjua na kuugeuza ndani nje. Dagaa tu. Tulicheka wote wanne, jirani akicheka kuliko sisi, akaanza kuwarudisha mfukoni kwa viganja huku akilalamika kwamba tumempunguzia. Binti aliandika jina la hoteli na anwani yake katika karatasi mbili, moja ya mama yake mzazi, moja nikaibandika ukutani ofisini. Ndipo nilipoichukua pasipoti, nikaibariki, pamoja na mwenyewe.

Ofisi ilinuka dagaa mpaka Jumapili. Wawili watatu waliokuja kuandikisha ubatizo waliuliza kulikoni, nami nikawasimulia.

Nawatakieni Dominika njema na safari salama.

Wenu katika Kristo,
Paroko